Chuo, kiwanda na halmashauri meza moja: mwongozo wa kuanzia kwenye kazi moja

Simama Mafinga, mkoani Iringa, alfajiri, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, uhesabu malori ya mbao na nguzo mpaka uchoke. Kisha zunguka nyuma ya stendi. Utawakuta vijana waliomaliza kidato cha nne, baadhi yao wana cheti cha ufundi kimehifadhiwa sandukuni kwa mama, wanangoja kibarua cha kupakia malori hayohayo. Na mwenye kiwanda cha mbao, mwendo wa bodaboda kutoka hapo, atakwambia hana fundi wa kunoa misumeno na aliyekuwa naye kahamia kwa jirani. Chuo kipo, kiwanda kipo, kijana yupo, wote wilaya moja, na hawajawahi kukaa pamoja.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuwakalisha: mkuu wa chuo, afisa maendeleo ya jamii, mwenye kiwanda, kiongozi wa ushirika. Nimefanya kazi hii kati ya Mufindi na Njombe kwa miaka kadhaa, na mara ya kwanza tuliharibu. Tulikodi ukumbi, tukaalika ofisi zote, hati ya makubaliano ikasainiwa, picha zikapigwa. Miezi minane ikapita bila kijana hata mmoja kukanyaga kiwandani. Chuo kilingoja kiwanda kilete maombi, kiwanda kilingoja chuo kilete vijana, halmashauri ilingoja taarifa ya utekelezaji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hati ilisema "kushirikiana katika kukuza ujuzi", na maneno hayo hayamwambii mtu yeyote aamke saa ngapi Jumatatu.

Tangu siku hiyo naanza na kazi moja, na hati naisaini mwishoni.

Hatua ya kwanza: chagua kazi moja, kwenye eneo unaloweza kulizunguka kwa siku moja

Usiandike "kilimo" wala "misitu". Hizo ni sekta. Kazi ni "kunoa na kufunga misumeno", "kuchuma na kupanga parachichi kwa ajili ya soko la nje", "kuendesha na kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga", "kupokea na kupima maziwa". Kazi ina mtu anayeifanya, ina saa ya kuanza, na ikifanywa vibaya kuna anayepata hasara.

Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya kuwa na kazi za namna hii kwa wingi, kila wilaya na zake. Mufindi kuna Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali nchini, kuna kiwanda cha karatasi Mgololo na mashamba ya chai. Njombe kuna parachichi, viazi, chai na miti ya wakulima binafsi. Rungwe kuna chai, parachichi na ndizi. Mbarali na Kyela ni mpunga. Mbozi ni kahawa. Tunduma ni mpaka, maana yake ni malori, maghala na nyaraka za forodha. Makambako reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu na njia ya kwenda Songea, kwa hiyo kazi za usafirishaji na ufundi wa magari hazikauki pale.

Mpango wa SAGCOT, wa kukuza kilimo katika ukanda wa kusini mwa Tanzania, uliozinduliwa 2010, uliyagawa maeneo haya katika kanda ndogo, mojawapo ikiwa Ihemi inayoshika Iringa na Njombe. Mgawanyo huo unasaidia kujua nani analima nini na nani ananunua, lakini kanda ni pana mno kuanzia. Anza na wilaya moja, au pande mbili za barabara moja.

Kazi unayoichagua ipitishe kwenye maswali matatu. Kuna waajiri wasiopungua watano wanaoihitaji, na kijana anaweza kuwafikia bila nauli ya kumfilisi? Kazi ipo mwaka mzima, au msimu wake unajulikana? Inafundishika ndani ya miezi sita mpaka mtu akafaa kulipwa? Likikosekana jibu moja, tafuta kazi nyingine. Mwajiri mmoja tu ni hatari: akifunga milango, au akibadili mawazo, mpango mzima umekwisha.

Hatua ya pili: nenda kazini kabla ya kwenda ofisini

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mimi natenga wiki tatu kamili, na sijawahi kujuta.

Nitaeleza ziara moja. Tuliingia kwenye kiwanda kidogo cha dingidong, yaani mashine ndogo ya kupasulia mbao yenye msumeno wa duara, nje kidogo ya Mafinga, mwenyewe mzee wa Kihehe. "Kamwene, baba." Akaitikia, akatutazama daftari zetu, akaenda kuchukua ubao mmoja kwenye rundo la mbao zilizokataliwa. Akaushika kwa ncha, akauinua usawa wa jicho, akanipa nami nitazame. Ubao ulikuwa na mawimbi. Mwanzo wake unene ulikuwa sawa, katikati umebonyea, mwisho umevimba. "Hapa msumeno ulikuwa unatembea," akasema. Mnunuzi wa Dar es Salaam hupima kwa tepu, na mbao ya namna hii hairudi na hela.

Tukamuuliza kwa nini msumeno unatembea. Akatuonyesha meno: mengine yamenolewa zaidi upande mmoja, mengine hayakupangwa vizuri kulia na kushoto. Msumeno usiopangwa meno hubanwa na mti, ukibanwa unapata moto, ukipata moto unalegea, ukilegea unatembea. Na kwa kuwa bamba la msumeno wa duara wa dingidong ni nene, kila mpasuo tayari unakula sehemu kubwa ya gogo na kuitoa kama vumbi. Ukiongeza mawimbi juu yake, mkulima aliyeotesha mpaini akaungojea miaka mingi anapata mbao chache sana.

Kwenye kikao chetu cha ukumbini tulikuwa tumeandika "useremala" kama hitaji la kwanza la wilaya. Kumbe maseremala walikuwepo. Aliyekosekana ni fundi wa misumeno, na hakuna aliyelitaja jina lake ukumbini kwa sababu wenye dingidong hawakualikwa.

Ukifika kazini, usiulize "mnahitaji ujuzi gani?" Utajibiwa nidhamu, uaminifu na kompyuta. Uliza hivi: Nionyeshe kazi iliyoharibika wiki hii. Nani aliifanya, na alijifunza wapi? Fundi wako bora akiugua kesho, unampigia nani? Kijana mpya unamwacha peke yake kwenye mashine baada ya muda gani? Unamlipa kwa siku, kwa kipande au kwa mwezi? Majibu yaandike kwa maneno yake mwenyewe, maana ndiyo yatakayokuwa vichwa vya mada darasani.

Kaa pia na vibarua, mbali na bosi. Watakwambia kwa nini waliopita waliacha. Kwenye parachichi niliambiwa na akina mama wachumaji kwamba vijana wengi huvuta tunda kwa mkono, kikonyo kinang'oka, na pale kilipong'oka uozo unaingilia kabla tunda halijafika bandarini. Tunda la Hass, aina ya parachichi la soko la nje, hukatwa kwa mkasi, kikonyo kifupi kinabaki, linawekwa kwenye kreti taratibu na kreti inakaa kivulini. Ni somo la nusu siku, na linaokoa kreti nzima. Hakuna afisa aliyekuwa amenieleza.

Hatua ya tatu: ita watu wachache, kila mmoja na jambo lake

Sasa ndiyo unaweza kwenda ofisini, ukiwa na daftari lililojaa. Wa kuwaita ni hawa.

Waajiri wawili au watatu ambao umeshafika kwao. Waje wenyewe au wasimamizi wa uzalishaji, maana afisa utumishi hajui msumeno unatembea kwa nini.

Chuo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ina vyuo Mbeya, Iringa na Makete, na hutoa kozi ndefu na fupi. Usivisahau vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo historia yake inaanzia 1975 na viko karibu zaidi na vijiji. Mara nyingi ndivyo vyenye nafasi ya kubadili ratiba haraka, na vinapokea hata binti aliyekatisha shule akiwa na mtoto mgongoni. Kwa mbao, Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kilichotokana na ushirikiano wa Tanzania na Finland. Kwa utafiti na kilimo kuna TARI Uyole na chuo cha kilimo Uyole, na chuo cha kilimo Igurusi pale Mbarali kwa wanaofikiria umwagiliaji. Kwa uhandisi kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Kiite chuo kikuu pale tu unapohitaji mtu wa kuchora kifaa au kupima kitu. Ukikiita mapema, mjadala utahamia kwenye shahada.

Halmashauri: afisa maendeleo ya jamii na afisa biashara. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, lina ofisi kila mkoa na linajua mashine ndogo. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, ni njia nzuri ya kuwafikia wafanyabiashara ambao hukuwatembelea.

Kisha kuna baraza la biashara la wilaya, chini ya mkuu wa wilaya, na la mkoa chini ya mkuu wa mkoa. Mabaraza haya ndipo sekta binafsi na Serikali zinapokutana rasmi na kwa heshima. Peleka taarifa huko ili mpango uwe na baba, lakini usiyafanye kuwa mahali pa kufanyia kazi. Hayakutani mara nyingi kiasi cha kuamua kijana fulani ahamishwe mashine gani.

Mchague mratibu mmoja. Mtu, si ofisi, mwenye simu inayopokelewa. Nimeona mipango mizuri ikikwama kwa sababu "uratibu upo chini ya kitengo".

Hatua ya nne: andika mafunzo kufuata kazi na msimu

Chukua daftari la ziara. Kila jambo linaloharibika liwe somo, na kila somo liishie na kitu kinachoonekana kwa macho: msumeno ulionolewa ukapasua gogo bila mawimbi, kreti ya parachichi iliyokaguliwa bila tunda lililong'oka kikonyo. Mwajiri na mwalimu wakae siku mbili pamoja waandike. Mwalimu atajua namna ya kupanga masomo; mwajiri atafuta yale ambayo hayatumiki tena.

Mpangilio unaofaa zaidi ni uanagenzi pacha: sehemu ya muda chuoni, sehemu kubwa kiwandani, na kule kiwandani kijana ana fundi mlezi anayejulikana kwa jina. Fundi mlezi apewe kitu. Akifundisha, kasi ya kazi yake inapungua, na kama analipwa kwa kipande, anakatwa mfukoni kwa wema wake. Mkubaliane na mwajiri alipwe siku hiyo kwa kiwango cha kawaida. Jambo hili dogo limevunja mipango mingi kuliko ukosefu wa mitaala.

Msimu usiulazimishe. Kwetu mvua huanza kama Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na kipindi hicho barabara za mashamba ya miti hazipitiki vizuri. Hapo ndipo pa kuwaweka vijana darasani na kwenye karakana. Mpunga wa Mbarali unavunwa kuanzia Mei, hivyo anayetaka kufundisha ufundi wa mashine za kukoboa kule Ubaruku awe na wanagenzi tayari wakati magunia yanaingia. Kalenda ya chuo inayoanza Januari kwa sababu huwa inaanza Januari itamkosesha kijana kazi halisi.

Kuhusu cheti: kozi fupi ya wiki kumi na mbili ni halali na ina maana, lakini mtake mkuu wa chuo aeleze mapema itatambuliwa vipi na kama inaweza kuhesabiwa kijana akitaka kuendelea na ngazi za ufundi stadi, ya kwanza mpaka ya tatu. Usajili wa vyuo na ithibati viko NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Uliza kabla ya kuwaita vijana.

Na mafundi wa zamani je? Yule mzee wa misumeno aliyejifunza kwa baba yake, hana karatasi. Upo utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kazini, anaongezewa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Waingizeni kwenye mpango tangu mwanzo. Kwanza ni haki yao. Pili, ndio watakaokuwa mafundi walezi, na fundi mwenye cheti chake hamwonei kijana wivu.

Hatua ya tano: pesa

Mwenye kiwanda kikubwa atakwambia, "Mafunzo mimi nayalipia tayari." Anasema kweli. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi tangu Julai 2023, na sehemu ya tozo hiyo ndiyo inayoendesha mafunzo ya ufundi. Usibishane naye. Mwambie mpango huu ndio njia ya kuona tozo yake ikirudi mlangoni kwake, na umwombe vitu ambavyo si fedha taslimu: mashine kwa siku mbili za wiki, magogo ya daraja la chini ya kufundishia, fundi mlezi, chakula cha mchana.

Chakula cha mchana nakisisitiza. Kundi letu la kwanza lililoingia kiwandani lilikuwa na vijana kumi na wawili, na kufikia wiki ya tano watatu walikuwa wametoweka. Tulidhani ni uvivu. Nilipowafuata nyumbani, binti mmoja alinieleza kwamba alikuwa anatembea kwa muda wa karibu saa mbili kila asubuhi, anashinda na njaa, na nyumbani wanamuuliza kibarua gani hakina hela. Tulipoweka ugali na maharage saa saba na kukodi chumba karibu na kiwanda kwa wanaotoka mbali, wawili kati ya wale watatu walirudi. Bajeti yako ianze na vitu hivi: nauli, chakula, malazi, viatu vya kazi, glavu, miwani. Mabango na fulana vije mwisho, kama vitakuja.

Mikopo ya halmashauri inafaa baada ya mafunzo. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Wahitimu watano wa kunoa misumeno wanaweza kununua mashine ya kunolea na kuzungukia dingidong za wilaya nzima. Basi wasajilini kikundi wakiwa bado mafunzoni, afisa maendeleo ya jamii aje darasani, na andiko liandikwe kwa hesabu walizoziona wenyewe kiwandani.

Hatua ya sita: usalama, halafu hati

Msumeno hauna huruma. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, kwa hiyo kagueni umri kwa cheti cha kuzaliwa, si kwa kutazama ndevu. Kabla ya siku ya kwanza, mjue nani atamlipia mwanagenzi matibabu akiumia na atapelekwa zahanati ipi kwa usafiri wa nani. Andikeni. Kwa mabinti, tafuteni vyoo vyenye milango, chumba cha kubadilishia nguo, na mwanamke mmoja mtu mzima ambaye binti anaweza kumwambia jambo bila woga. Kama kiwanda hakiwezi kutoa hivyo, msimpeleke binti pale. Mtafutieni kingine, na kile mwendelee kukidai.

Sasa sainini hati ya makubaliano. Kurasa mbili zinatosha. Iseme kazi gani, vijana wangapi, siku zipi kiwandani na zipi chuoni, fundi mlezi ni nani, nani analipia nini, nani anaita gari kijana akiumia, mratibu ni nani na simu yake, na mkikosana mnakwenda kwa nani. Mwajiri asiahidi kuajiri wote. Aahidi kuwasaili wote, na kumwandikia kila asiyemchukua sababu moja ya kweli. Sababu hizo ni dhahabu kwa mwalimu.

Hatua ya saba: kundi dogo, daftari moja

Vijana kumi hadi kumi na watano, si zaidi. Wachagueni pamoja, chuo na mwajiri, kwa kuwapa siku tatu za majaribio kiwandani. Barua ya mtendaji wa kijiji ni utambulisho tu, haisemi kama mtu ataipenda kazi.

Mratibu awe na daftari moja: jina, simu ya kijana, simu ya mzazi au jirani (vijana hubadili laini sana), fundi mlezi, siku alizofika. Baada ya kuhitimu apigiwe mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Maswali ni manne: uko wapi, unafanya nini, unalipwa kiasi gani, nini hukufundishwa. Majibu ya swali la nne yarudishwe kwa mwalimu na mwajiri kabla kundi la pili halijaanza. Sisi swali hilo ndilo lililotuonyesha kwamba wanoaji wetu hawakujua kukisia bei ya kazi, wakawa wanajinyonga wenyewe kwa bei ya chini. Kundi la pili likapata siku mbili za hesabu.

Makundi mawili yakishapita ndipo uvuke mpaka wa wilaya. Usihamishe kozi ilivyo. Makete hawana tatizo la Mafinga, na mwenye kiwanda wa Makambako ana mashine nyingine. Kinachohama ni utaratibu: ziara za wiki tatu, meza ndogo, fundi mlezi anayelipwa, daftari. Mkoa unaweza kusaidia hapa, katibu tawala akizikutanisha halmashauri mbili zigawane mwalimu au karakana badala ya kila moja kujenga yake.

Na jiandaeni kwa uhamisho. Mkuu wa chuo atahamishwa, afisa maendeleo ya jamii atahamishwa, mara nyingi katikati ya kundi. Daftari liwe na nakala kwa mwajiri mmoja, kwa sababu kiwanda hakihamishwi. Afisa mpya akifika, mratibu asimpelekee hati ofisini. Ampeleke kiwandani asubuhi ya kwanza, amwonyeshe ubao wenye mawimbi na ubao ulionyooka, avishike vyote viwili mkononi, kisha ndipo wafungue daftari.